Pepo Asiyetaka Ngoma

Nilipofika Mpendae asubuhi ile, nyumba ya Mwanaidi ilikuwa kimya, na nikajua kabla ya kuambiwa. Redio ilikuwa imezimwa. Miaka yote niliyoingia nyumba ile sikuwahi kuikuta imezimwa: mara itasoma habari, mara itapiga taarabu, mara itatangaza vifo vya watu tusiowajua, na Mwanaidi atazungumza juu yake kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayegombana na jirani. Binti yake, Saada, alinipokea mlangoni akanishika mkono mpaka chumbani. Mama yake alikuwa amelazwa kuelekea kibla, macho yameshafumbwa, shuka mpaka kifuani. Saada akanipa kipande cha bafta nyeupe. "Bi Rukia, wewe ndiye mwenziwe," alisema. "Mfunge taya kabla hajakauka." Ni jambo la kawaida. Nimekuwa muuguzi tangu usichana mpaka nikastaafu, na nimewafunga taya watu wengi. Lakini mkono wangu ulikataa. Nilisimama na kile kitambaa nikahisi hofu ambayo nilidhani nimeshaizika ikinirudia, hofu ya mwaka 1970, wakati taya hilo hilo lilipokuwa limejifunga lenyewe na hakuna aliyeweza kulifungua.

Mwaka ule mimi na Mwanaidi tulikuwa wanafunzi wa uuguzi, tumepanga chumba kimoja Malindi, hapa mjini Unguja, ghorofani kwa Bi Zuwena. Kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba tulicholala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, na dirisha lililotazama maghala ya bandarini, ambamo harufu ya karafuu ilitoka ikaingia mpaka kwenye chai yetu. Chini, mkabala na jiko, kulikuwa na chumba kilichotundikwa ngoma ukutani, kubwa na ndogo, kwani mwenye nyumba wetu alikuwa fundi wa kupunga pepo na wagonjwa walimfuata kutoka mashamba. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kukwaruza, na asiyeweza kula peke yake. Jioni aligonga upawa kwenye ngazi na kutuita: "Wauguzi! Shukeni, kuna sufuria mgonjwa huku!" Chakula mara nyingi kilikuwa muhogo wa nazi na papa, kwa sababu mchele ulikuwa wa foleni. Tulikula mkekani ukumbini huku Bi Zuwena akitupa habari za mji, nusu kwa maneno na nusu kwa macho. Mwaka ule, wa sita baada ya mapinduzi, watu walishajifunza kusema kwa macho. Mtu akichukuliwa usiku, majirani walifunga madirisha, na asubuhi hakuna aliyeuliza. Vijana wa doria walipita vichochoroni, na watu watatu wakisimama pamoja walitakiwa waseme wana mkutano gani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani hiyo ndiyo hofu, kwamba sitajua nyingine kubwa kuliko hiyo.

Siku ya Jumapili tulikwenda kujitolea kujenga nyumba za ghorofa zilizokuwa zikipandishwa mtaani Ng'ambo. Wote tulikwenda, kukosa kulionekana. Mwanaidi alikuwa akibeba karai la zege kichwani alipokanyaga ubao wenye msumari. Alikaa chini, akauvuta mguu, akautazama unyayo, akacheka. Palikuwa na kijitundu tu, na hakikutoa damu. Kila aliyekuja kutazama alifurahi kwa hilo. "Hakikutoa damu, alhamdulillahi," walisema, kama kwamba damu ndiyo ugonjwa. Nyumbani Bi Zuwena alimkanda kwa mafuta ya nazi ya moto, kisha akakiziba kile kitundu kwa masizi ya jikoni yaliyochanganywa na utando wa buibui, dawa aliyoirithi kwa mama yake na ambayo ilishaponya miguu isiyo na idadi. Darasani tulikuwa hatujafika kwenye pepopunda. Kitundu kikafunga vizuri, ngozi ikawa safi, na Mwanaidi akarudi kukimbia ngazini.

Jioni moja wiki iliyofuata, tukiwa mkekani, Mwanaidi alitia tonge la muhogo mdomoni na hakuweza kulitafuna. Alilitoa, akalitazama, akalijaribu tena. "Taya limechoka," alisema, na maneno yakapita baina ya meno. Bi Zuwena alimtania: "Limechoka kwa domo! Liache lipumzike na sisi tupumzike." Tukacheka wote, na yeye alicheka, lakini midomo yake haikurudi mahali pake upesi. Kulipokucha shingo ilikuwa ngumu. Mchana mgongo. Niliangusha kifuniko cha sufuria, naye akaruka mwili mzima kitandani, akapindika nyuma mpaka akabaki juu ya kisogo na visigino, na sauti iliyomtoka puani haikuwa yake. Bi Zuwena alisimama mlangoni na mkono kifuani. "Kapandwa," alinong'ona. Mimi nilikwishashuka ngazi kutafuta gari.

Hospitalini walimweka chumba cha mwisho cha ukumbi. Madirisha yalitundikwa mablanketi meusi, bawaba za mlango zikapakwa mafuta, na sisi tukavua viatu. Kidonda walikikata wakakisafisha, wakamchoma sindano ya kupambana na sumu ya pepopunda. Mirija ikapitishwa puani ili anyweshwe maziwa na mayai, maana mdomo ulikuwa ukuta. Daktari alikuwa Mchina, mmoja katika wale waliokuja kusaidia miaka ile, mtu mwembamba mwenye viatu vya kitambaa visivyotoa sauti na Kiswahili alichokiokota wodini. Kwa kuwa nilikuwa naye chumba kimoja na nilikataa kuondoka, matroni aliniruhusu nikae. Daktari alinionyesha kichupa kidogo cha dayazipamu mbele ya mwanga wa ukumbini. "Mwili una amri mbili," alisema polepole. "Kaza. Legeza. Sumu hii inaua legeza. Inabaki kaza, kaza, kaza." Akaniuliza kama nilishawahi kupanda baiskeli isiyo na breki. Nikasema naam. "Dawa hii haiui sumu," akasema. "Inamwazima breki. Sumu itachoka yenyewe, wiki mbili, tatu. Mpaka hapo, breki." Kisha akaleta vidole viwili karibu karibu, ikabaki nafasi ya unywele. "Dawa kidogo, misuli inaziba pumzi. Dawa nyingi, pumzi inasahau. Yeye anaishi hapa katikati. Wewe usitazame uso. Uso muongo. Tazama kifua."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mwanafunzi tu, kwamba nafasi ile ni ndogo mno. Nilikaa kwenye kibao, nikatazama kifua cha Mwanaidi kikipanda na kushuka katika giza lile la mchana, na nikaogopa kila kitu kilichoweza kutoa sauti: kijiko, kikohozi, njiwa wa dirishani, tumbo langu mwenyewe. Niliogopa zaidi mkono wangu uliovuta dawa. Mpaka leo, wajukuu wangu hunicheka ninavyoweka vikombe mezani kama ninayeweka mayai. Hawajui mafunzo hayo niliyapata wapi, na mimi sijawahi kuwaambia.

Nilichoshindwa kujizuia ni kuutazama uso. Pepopunda huvuta midomo ikaenda pembeni na nyusi zikapanda juu, na mgonjwa huwa kama anayecheka kwa kitu kizuri alichokiona. Hivyo ndivyo mama yake alivyomkuta. Bi Mize alikuja kutoka kisiwa cha Tumbatu, mwanamke mdogo wa umbo, buibui lake limeroa chumvi mpaka magotini, na kitunga cha pweza mkavu mkononi. Nilimpokea ukumbini, nikamwamkia, nikamwomba aingie bila ya kusema neno. Akaitika kwa kichwa. Akaingia, macho yakazoea giza, akamwona mwanawe. "Anacheka!" alilia. "Alhamdulillahi, mwanangu ananchekea mie!" Furaha ya yule mama ilijaa chumba kizima. Na Mwanaidi akapindika, akagonga kitanda, uso ukawa wa zambarau, na bado anacheka. Daktari alikuja akasukuma dawa mshipani. Bi Mize tulimtoa nje tumemshika mikono. Hakulia. Alikaa sakafuni ukumbini akawa anauliza neno moja tu: "Mbona anacheka?" Nilijaribu kumweleza misuli na sumu, maneno yangu yakaniishia. Kwa mama aliyeona lile, hapakuwa na jina jingine ila pepo.

Haukupita muda vichupa vikaanza kupungua. Meli ya dawa ilisemwa ipo njiani, na kila siku ilikuwa ipo njiani. Daktari alipunguza dayazipamu, akaiongezea fenobabitoni, dawa ya kifafa, ambayo huingia polepole na hutoka polepole zaidi, hivyo ya leo huikuta ya jana bado imekaa. Adhuhuri moja nilikuwa peke yangu naye. Kifua kilipanda, kikashuka, na hakikupanda. Nilisubiri. Nikafungua mdomo nipige ukelele, nikakumbuka kwamba dayazipamu ikiwa imepungua na fenobabitoni kuzidi, ukelele nao unaweza kumuua. Nikaufunga. Sijapata kuogopa kama pale, kusimama na ukelele umenijaa kooni na hauna pa kutokea. Nikachukua mpira wa kupulizia hewa, nikaukandamiza juu ya ule uso unaocheka, nikaminya, nikaminya tena, machozi yakidondoka juu ya paji lake. Mwanafunzi mwenzangu alipochungulia mlangoni nilimwita kwa macho, kama tulivyozoea mjini, naye akakimbia bila viatu kumwita daktari. Alipofika, Mwanaidi alishaanza kuvuta pumzi mwenyewe, kidogo kidogo. Daktari akanigusa bega, akaenda kuhesabu vichupa vilivyobaki. Akaniambia kwamba mpaka meli ije, hana dawa ya kuzima mkakamao mkubwa. Mgonjwa asishtuliwe kabisa.

Jioni ile nilikwenda Malindi kubadilisha nguo, na nilipokuwa ngazini nikawasikia jikoni, Bi Mize na Bi Zuwena, wakikuna nazi. "Huko ndani hawatoturuhusu," alikuwa akisema Bi Zuwena. "Lakini njia ni ya Mungu. Tutakaa chini ya dirisha lake. Ijumaa baada ya laasiri. Ngoma zote tatu. Pepo akisikia ngoma atasema anachotaka, tumpe, amwache mtoto." Bi Mize akasema, "Nimeshauza mkufu, ubani nshanunua." Nikakaa papo hapo ngazini. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Niliziona zile ngoma ukutani, ngozi zake zimekazwa, nikaona mgongo wa Mwanaidi.

Nikaingia jikoni. "Shikamoo Bi Zuwena. Shikamoo mama." Wakaitika marahaba. Nilikuwa nimepanga kusema maneno ya daktari, nikajua hayatafika popote. Nikamuuliza Bi Zuwena: "Pepo akimpanda mtu, si huulizwa kwanza anataka nini?"

"Huulizwa," alisema. "Wengine wataka kanga, wengine damu ya mbuzi, wengine wataka kupambwa tu."

"Na yule asiyetaka ngoma?"

Mbuzi ya kukunia nazi ikasimama. "Hayupo," alisema. "Pepo gani asiyetaka ngoma? Miaka yangu yote simjui."

"Njoo umwone, Bi Zuwena. Njoo peke yako, umuulize wewe. Ukisema ngoma, mimi ntakubebea hiyo kubwa."

Alijifuta chicha mikononi. Bi Mize alikuwa akitutazama mmoja mmoja. "Ntakuja kesho," Bi Zuwena akasema, na akarudi kukuna.

Alikuja asubuhi. Alivua makubadhi yake nje bila ya kuambiwa, akasimama ndani ya mlango, yule mwanamke mnene, akiwa hata pumzi anaivuta kwa hadhari. Alimtazama Mwanaidi. Alitazama masizi yaliyobaki kwenye kucha za mguu ule. Basi wakati ule ule, nje barabarani, kengele ya baiskeli ikalia mara moja, ndogo, ya mtoto. Mwanaidi akapindika. Haukuwa mkakamao mkubwa, lakini ulitosha. Bi Zuwena alijiziba mdomo kwa mkono wote. Tulipotoka alikaa kwenye ngazi za hospitali, akajifuta uso kwa ukingo wa kanga, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa na yeye anaogopa, labda kuliko sisi sote. "Kengele tu," alisema. "Kengele tu, Rukia. Huyu simjui. Wangu wote wapenda ngoma." Akainuka, akamfuata Bi Mize aliyekuwa amekaa kivulini. Nilimsikia akimwambia kwa sauti ya kazi, sauti ya kilingeni: "Nimemuuliza. Kasema anataka kimya. Ngoma yake ni kimya, na ana njaa nayo. Kesho tutampa mpaka ashibe." Kama aliamini au alinisaidia, sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kusema.

Ijumaa baada ya laasiri walikuja. Nilipochungulia ukingoni mwa blanketi niliwaona wanawake wa Malindi na wengine wa Darajani, wamekaa chini ya ukuta wa hospitali na kando yote ya barabara, wamevaa nguo za ngomani, chetezo kikifuka ubani katikati, na hakuna hata mmoja anayesema. Watoto wachanga walikuwa wakinyonyeshwa ili wasilie. Mwuza kahawa alipotokea akigonganisha vikombe, mwanamke mmoja aliinuka akavishika vikombe vyake kwa mikono miwili mpaka akapita. Gari lilisimamishwa huko mbali. Nilistaajabu, kisha nikawaona vijana wawili wa doria wakija na baiskeli zao. Wanawake wanaopiga ngoma hakuna anayewauliza. Wanawake wengi waliokaa kimya hadharani, mwaka ule, walikuwa jambo jingine kabisa. Moyo uliniambia wataanza kufoka, watapuliza filimbi, na nikamtazama Mwanaidi, nikatazama sindano iliyokuwa na dawa kidogo mno.

Kijana mmoja alikwenda kwa Bi Zuwena, akainama, na kwa kuwa kila mtu alikuwa kimya yeye naye alijikuta ananong'ona. Baadaye Bi Zuwena alitusimulia waliyosema. "Huu mkutano wa nini?" "Tunapunga pepo." "Mbona hakuna ngoma?" "Huyu hataki ngoma. Ukimpigia kelele anamtoka mgonjwa, anampanda aliyepiga." Kijana alitazama dirisha lenye blanketi jeusi. Nilirudi nyuma. Kisha nikaona wanageuza baiskeli zao taratibu, na yule wa pili kafunika kengele yake kwa kiganja, wakaondoka wakinyata kama wezi wa kuku. Wanawake hawakucheka, ingawa mabega ya wengine yalitikisika. Walikaa mpaka magharibi, na kesho yake wakaja tena, kwa zamu, hata wakati wa vyakula, mpaka mtaa mzima ukajua kwamba pale kuna pepo wa kimya na mtu apite kwa adabu. Mikakamao ikapungua. Dawa ilitosha, kwa kubana. Meli ilipofika hatukuihitaji sana. Bi Mize alisema pepo ameshiba. Daktari alisema sumu imechoka. Mimi nilitazama kifua.

Asubuhi moja nilimwona anajaribu kulamba midomo. Nikatia ncha ya kijiko cha uji baina ya meno, na meno yakaachana, kidogo, kwa shida. Alimeza. Nikalia bila ya sauti, kwa mazoea. Kisha akasema jambo, nikainama nimsikilize. "Nlikuwa nasikia yote," alisema. "Mama alivyofurahi. Nlitaka kumwambia sicheki." Akapumzika. "Na zile siku mji uliponyamaza. Hakuna baiskeli, hakuna adhana kwa karibu, hakuna mtu. Rukia, nlijua nshakufa. Nlijua mshanizika, na hili ndilo kaburi lenyewe." Akanishika mkono kwa nguvu alizokuwa nazo. "Usininyamazie tena," alisema. "Hata iweje."

Ndiyo sababu ya ile redio. Ndiyo sababu alijenga Mpendae karibu na uwanja wa watoto wakati wengine walikuwa wakiukimbia. Kimya kilichomponya ndicho alichokiogopa maisha yake yote, na mimi nilikuwa mmoja wa waliompa, na ningempa tena. Nimeishi na mambo hayo mawili na hayajawahi kupatana.

Nilikuwa bado nimesimama na bafta mkononi. Wanawake chumbani walikuwa wakisoma kwa kunong'ona. Nje uwanjani watoto walianza kucheza mpira, bati likagongwa, mmoja akashangilia kwa sauti ya kupasua masikio, na nikashtuka, nikautazama mgongo wa Mwanaidi. Haukusogea. Jirani mmoja aliinuka kwenda kuwanyamazisha. "Waache," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa mbele ya maiti, na wote wakageuka kunitazama. "Waache wapige kelele. Saada, fungua dirisha." Saada akalifungua, kelele zikaingia zote. Ndipo nilipoinama nikamgusa mwenzangu taya. Lilikuwa laini. Lilifunguka na kufunga kwa kidole kimoja. Nikapitisha kitambaa chini ya kidevu, nikakileta utosini, nikafunga fundo.

"Kaza, mama," Saada alisema. "Litafunguka."

Nikaliacha fundo legelege.